Akademi ya klabu ni nini hasa, na kwa nini isifungwe

Jioni pale Ujiji, mkoani Kigoma, jua likishukia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, utakuta watoto 40 kwenye kiwanja cha vumbi, mipira miwili, koni chache, na mwalimu aliyetoka kazini bila hata kubadili shati. Muulize mzazi aliyesimama pembeni, atakwambia mwanawe yuko "akademi". Siku hizi neno hilo tunalibandika kwa kila kikundi chenye filimbi na bipsi.

Akademi ya klabu, kwa maana yake kamili, ni sehemu ya klabu yenyewe inayomchukua mtoto na kumlea mpaka afikie timu ya wakubwa. Ina vikosi kwa umri, ina walimu wenye leseni, inajali shule na chakula cha mtoto. Tena ina usajili: shirikisho linajua kwamba msimu huu mtoto fulani alikuwa chini ya klabu fulani. Kituo cha mtaani kinaweza kufundisha vizuri kuliko klabu, na hapa Kigoma nimeliona hilo kwa macho yangu. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi, na timu ya wakubwa ambayo mtoto anaiona mbele yake.

Fedha zikibana, huwa linazuka swali: kwa nini klabu ihangaike na watoto wakati inaweza kununua mchezaji aliyekwisha iva? Brentford ya Uingereza ilijibu kwa vitendo. Mwaka 2016 ilifunga akademi yake, kwa sababu klabu kubwa za jirani zilikuwa zinawachukua watoto wake bora kwa fidia ndogo. Ikaunda kikosi cha pili cha vijana walioachwa na wengine, na mwaka 2021 ikapanda Ligi Kuu ya Uingereza. Hoja yao ilikuwa na uzito. Lakini mwaka uliofuata akademi ilirudishwa, na isitoshe, wao walikuwa London, ambako kijana aliyefunzwa na mwingine hakosekani. Klabu ya Kigoma ikiacha kulea, nani atailelea vijana?

Upande wa pili kuna ASEC Mimosas, klabu ya Abidjan, Ivory Coast. Walianzisha akademi mwaka 1994, na mwaka 1999 vijana waliotoka humo waliifunga Espérance ya Tunisia 3-1 na kubeba Kombe la CAF Super. Kolo Touré na nduguye Yaya, waliokuja kuwika Uingereza, walipita pale.

Sasa kuna jambo ambalo viongozi wengi wa timu zetu hawalijui, nami ningependa walijue leo: mchango wa mshikamano. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote. Kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Chukua kijana aliyelelewa Kigoma tangu miaka 12 hadi 17, misimu 6. Akiuzwa baadaye kwa dola milioni 1, klabu iliyomlea inastahili dola 20,000. Na akiuzwa tena Ulaya kwa bei kubwa zaidi, inastahili tena.

Ila FIFA haitazami nani alimnunulia mtoto njumu. Inatazama usajili. Timu isiyotambuliwa na shirikisho la nchi yake haipati kitu, hata kama ililea kwa miaka kumi.

Ndiyo maana mimi nasema klabu zisifunge akademi, na vituo vya mtaani visajiliwe. Mkoa huu haujapungukiwa vipaji. Juma Kaseja, aliyekuwa kipa wa Taifa Stars kwa miaka mingi, ni mzaliwa wa Kigoma. Na tangu Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, wapande Ligi Kuu ya Tanzania mwaka 2023, mtoto wa Mwanga, hapa mjini, anaweza kwenda uwanja wa Lake Tanganyika kwa miguu akatazame ngazi anayoitaka. Zamani ngazi hiyo ilianza kwa kupanda treni.

Mwalimu yule wa Ujiji ana daftari kubwa la kaunta. Kila mstari una jina la mtoto, tarehe aliyofika, shule anayosoma, namba ya simu ya mlezi. Kijana wake mmoja alisajiliwa na klabu ya mbali, na mwalimu alipouliza kuhusu haki ya timu yake aliambiwa daftari si usajili. Hakugombana na mtu. Alikwenda chama cha soka cha wilaya kuulizia taratibu, akarudi na orodha: katiba, viongozi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Katiba wanaiandika. Vyeti ndiyo kazi, maana kati ya watoto 40, wenye navyo ni 11, na wiki hii anazunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wa waliobaki.