Mto Kupungua Maji Si Samaki Kuisha

Mvua ikichelewa na mto wa pwani ukabaki kijito, utasikia wavuvi wakilalama kwamba mwaka huu samaki wamekwisha. Sivyo. Samaki kama salmoni, wanaopanda kutoka baharini kwenda kutaga, mara nyingi huwa wamejazana mlangoni mwa mto wakingoja maji yajae. Mchanga ukiziba mdomo wa mto, hata njia hawana. Joto nalo huwabana: maji baridi ya nyuzi 10 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 25 kama 8 tu. Mvua ikishuka, usikimbilie mtoni siku hiyohiyo. Maji yakiwa tope tupu, samaki haoni chambo. Subiri yapungue, usimame hadi magotini na uone vidole vyako vya miguu, ndipo utupe ndoana.