Uchovu wa saratani hauondoki kwa kuharisha

Wengi wanaamini kwamba mgonjwa wa saratani huchoka kwa sababu tumbo lake limejaa uchafu na bakteria, na kwamba akinywa dawa ya kusafisha tumbo nguvu zitarudi. Inaeleweka: anayeuguza hutamani kufanya lolote.

Lakini bakteria wa utumbo mpana, matrilioni kwa hesabu, si uchafu. Huchachusha nyuzinyuzi za mboga na nafaka tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe, na hutengeneza vitamini K. Tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) na antibayotiki huvuruga mchanganyiko wao. Watafiti wanachunguza kama mvurugiko huo unachangia uchovu, ila mambo mawili kuonekana pamoja hakuthibitishi kwamba moja limeleta jingine.

Sababu za uchovu zinazojulikana vizuri zaidi ni upungufu wa damu, maumivu, usingizi wa kukatikakatika, kula kidogo, huzuni, na matibabu yenyewe. Ndiyo maana kulala pekee mara nyingi hakutoshi, na matembezi mafupi, daktari akiridhia, huwasaidia wengi. Kuharisha humpotezea mgonjwa maji na chumvi, akazidi kulegea. Hata mtindi, ambao wengine humpa mgonjwa ili kurudisha bakteria wazuri, ukiwa wa maziwa yasiyochemshwa unaweza kumdhuru ambaye chembe zake nyeupe za damu, zinazopigana na maambukizi, zimeshuka.

Ukisikia dai la namna hii, uliza: lilijaribiwa kwa watu au kwa panya? Wangapi? Anayelitangaza ndiye anayeuza chupa? Kisha omba uelezwe kiwango cha hemoglobini (kinachobeba oksijeni katika damu) kwenye majibu ya maabara, na umwonyeshe daktari kila unachompa mgonjwa, hata mitishamba.