Mgeni na Mwenyeji: Tunayodanganyana Kuhusu Mashine Pepe

Kila muhula unapoanza, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma hushuka mjini kutoka Ng'ong'ona na kompyuta mpakato begani, wakitaka niwawekee Linux, mfumo endeshi mwingine kama ilivyo Windows. Mimi hupendelea kuiweka ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoundwa na programu ndani ya kompyuta halisi, Windows ibaki ilipo. Hapo ndipo hofu huanza.

"Fundi, si itafuta vitu vyangu vyote?" Haifuti, mdogo wangu. VirtualBox, programu inayounda mashine pepe, hutengeneza faili moja kubwa, na mfumo mgeni, yaani ule unaowekwa ndani, huliona faili hilo kuwa ndiyo diski yake nzima. Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, ikiuliza kama ifute diski yote, inauliza kuhusu faili hilo tu. Hakikisha tu swali hilo unaliona ndani ya dirisha la VirtualBox. Ukiwa umewasha kompyuta kwa flashi, diski inayofutwa ni ya kweli.

Wengine wameshaamini kwamba mashine pepe lazima ijikokote. Prosesa za Intel tangu 2005, na za AMD tangu 2006, zilianza kuja na uwezo wa kumwendesha mgeni moja kwa moja. Kompyuta nyingi za mtumba ninazozipokea, uwezo huo umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Ukiuwasha, utashangaa. Kikwazo kingine ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi: anachopewa mgeni, mwenyeji, yaani Windows iliyo nje, anakikosa muda wote mgeni akiwa kazini. Kwenye kompyuta ya GB 4 ukimpa mgeni GB 3, Windows itaanza kuigeuza diski kuwa RAM, na wote wawili watakwama. Hapo naweka Lubuntu, aina nyepesi ya Linux, nampa GB 1.5. Anayetaka zaidi, namshauri aongeze RAM kwanza.

Leseni? VirtualBox ni ya bure, lakini Windows utakayoiweka ndani yake bado inahitaji leseni yake.

Kuna wanaofungua mafaili ya ajabu humo wakiamini virusi haviwezi kutoka. Ukuta ni imara, ila mwaka 2015 tundu lililoitwa VENOM lilionekana kwenye sehemu inayoigiza diski za flopi, kifaa ambacho karibu kila mtu alishakisahau, na VirtualBox nayo iliguswa. Kwa kawaida lakini mlango tunaufungua wenyewe: folda ya pamoja yenye ruhusa ya kuandika. Virusi vinavyofunga mafaili vikiingia kwa mgeni, vitafunga na yaliyomo kwenye folda hiyo.

Dhana inayoniumiza zaidi ni kwamba snapshoti, yaani hali ya mgeni iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia, ni nakala ya akiba. Kijana mmoja alikuwa na snapshoti sita za mradi wake wa mwaka wa mwisho. Diski ikafa, zikafa zote, kwa sababu snapshoti hulitegemea faili la diski ya mgeni na kwa kawaida hukaa kando yake. Alibakiwa na wiki tatu akaanza upya. Tangu siku ile simwachi mtu aondoke kabla sijamwonyesha: zima mgeni, mtoe awe faili moja la OVA, linalobeba mashine pepe nzima, kisha lihamishie kwenye diski ya nje.