Kitabu cha Kiswahili kinakaa wapi rafuni?

Riwaya ya Kiingereza ikiingia maktabani hupewa namba 823. Riwaya ya Kiswahili hupewa 896.3923. Namba hizo mbili ndizo zilizonifanya niupende uainishaji kuliko somo jingine lolote la ukutubi, yaani kazi ya maktaba, ninaousomea hapa Bagamoyo. Leo nataka kuzieleza, kwa sababu wasomaji huziona kila siku kwenye migongo ya vitabu lakini ni wachache walioelezwa zinatoka wapi.

Mfumo huu wa kuainisha vitabu kwa namba ni wa Mmarekani Melvil Dewey, aliyeuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1876. Uligawa maarifa yote mafungu kumi, kutoka 000 hadi 900, kila fungu likagawanywa kumi tena, na kumi tena, kisha ikawekwa nukta na mgawanyo ukaendelea. Fasihi iko 800. Sasa tazama mgao wenyewe: 810 ni fasihi ya Marekani, 820 ya Kiingereza, 830 ya Kijerumani, 840 ya Kifaransa, 850 ya Kiitaliano, 860 ya Kihispania, 870 ya Kilatini, 880 ya Kigiriki. Ikabaki 890, na humo wakabanana wote waliosalia: Kirusi, Kiarabu, Kichina, na sisi. Lugha za Afrika zilipata 896, na ndani yake Kiswahili kikapata 896.392. Ukiongeza 1 mwishoni umepata ushairi, 2 tamthilia, 3 riwaya na hadithi fupi.

Kwa hiyo urefu wa namba unakwambia mgawaji alikuwa amesimama wapi alipogawa. Waliokuwa karibu naye walipata tarakimu tatu, na sisi tulio mbali tukapata saba.

Jambo hili lina matokeo unayoweza kuyashika kwa mkono. Diwani nyingi za Kiswahili ni nyembamba, mgongo wake hauzidi unene wa penseli. Lebo yenye 896.3921 na herufi tatu za jina la mwandishi chini yake haitoshi hapo. Inabidi uikate namba kwenye nukta, 896 juu na .3921 chini yake, na bado lebo inapinda hadi kwenye jalada. Msomaji akisimama mbele ya rafu haoni namba. Anavuta kitabu kimoja kimoja, anachoka, anaondoka. Jirani yake anayetafuta riwaya ya Kiingereza ameshaipata.

Mfumo wenyewe unatoa mwanya. Maktaba inaruhusiwa kuipa fasihi ya nyumbani kwake nafasi ya mbele, ama kwa kuitumia 810 kwa ajili hiyo, ama kwa kuweka herufi mahali pa tarakimu ili fasihi hiyo itangulie 810. Kwa maktaba ya shule ya msingi au sekondari ningechagua herufi bila kusita, tuseme 8S0: fupi, inasomeka kwenye mgongo mwembamba, na inamwambia mtoto kwamba fasihi ya lugha yake ndiyo inayofungua rafu. Kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, hata hivyo, ningeiacha namba ndefu kamili, kwa sababu siku maktaba hiyo ikitaka kubadilishana kumbukumbu na nyingine kupitia programu ya maktaba kama Koha, 896.3923 inaeleweka kila mahali na 8S0 haieleweki nje ya ukuta wako.

Uhondo wenyewe uko kwenye tenzi. Kanuni inasema kazi ya fasihi iwekwe kwa lugha na umbo lake, hata kama inazungumzia jambo jingine. Utenzi wa maisha ya Mtume hauendi 297 penye vitabu vya Uislamu, unakwenda 896.3921. Utenzi unaosimulia vita vya Maji Maji hauendi 967.8 penye historia ya Tanzania, nao unakwenda 896.3921. Lakini watunzi wa pwani walitumia utenzi kuhifadhi habari, kufundisha dini, kuusia watoto. Kwao beti zilikuwa ndiyo kalamu ya historia. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayetaka kujua watu walivyoisimulia vita ile atakwenda 967.8, atapekua yote yaliyopo, kisha atasema maktaba haina kitu. Kitabu kipo. Kimekaa rafu nyingine, kati ya diwani za mapenzi.

Hapo ndipo kazi ya mkutubi inapoonekana. Kitabu kina mwili mmoja na kinakaa mahali pamoja, ila katalogi inaweza kukifungulia milango mingi: ushairi wa Kiswahili, vita vya Maji Maji, historia ya Tanganyika chini ya Wajerumani, jina la mtunzi, jina la mhariri. Kila mlango ni kichwa kimoja cha mada au jina, dakika mbili za kuandika. Ninapopewa vitabu vya kuorodhesha mazoezini, tenzi ndizo ninazozikalia muda mrefu zaidi. Nazisoma, siangalii jalada tu, kwa sababu jalada mara nyingi halisemi zaidi ya neno utenzi na jina.

Majina ya waandishi nayo yanahitaji moyo. Katalogi nyingi hutanguliza jina la mwisho, ikidhaniwa ni la ukoo. Tuseme mwandishi anaitwa Salim Hamad Juma: Salim ni yeye, Hamad ni baba, Juma ni babu. Ukimwingiza kama Juma, kwenye lebo atakuwa JUM, na kwa majina tuliyonayo pwani utajikuta na rafu nzima ya JUM, ALI na SAL ambazo hazimtofautishi mtu na mtu. Kuna wengine wanaojulikana kwa jina la kwanza pekee, na wengine walioandika bin kwenye kitabu hiki na kuiacha kwenye kitabu kile. Dawa ni faili la majina: unachagua umbo moja, unalishikilia, na kila umbo jingine linampeleka msomaji kwenye hilo. Kazi hii haionekani kabisa ikifanywa vizuri.

Asubuhi kabla milango haijafunguliwa tunasoma rafu, yaani tunapita kitabu kwa kitabu kuhakiki mpangilio. Kinachowakwaza wengi ni desimali. Kenya ni 967.62, Tanzania ni 967.8, na watu hudhani 62 ni kubwa kuliko 8, wanairudisha Kenya nyuma ya Tanzania. Ukishazoea, rafu ile inakuwa kama safari ya basi: Kongo ya Kinshasa 967.51, Rwanda 967.571, Burundi 967.572, Uganda 967.61, Kenya 967.62, Tanzania 967.8, unavuka maji Zanzibar 967.81, na mbele kidogo Msumbiji 967.9. Napenda sana kuipita. Hapa Bagamoyo nakagua na ukungu pia, maana hewa ya bahari hailali. Vitabu visibanwe, na rafu isigusane na ukuta.

Wasomaji wetu wengi huja na madaftari yao, wanatafuta meza na utulivu, hasa mitihani ikikaribia. Sioni ubaya wowote. Lakini mtu akiinuka kunyoosha miguu na kupita karibu na 636.5, ufugaji wa kuku, au 398.9, methali, halafu akasimama, huwa naacha ninachofanya na kumfuata. Wengi hawajui kwamba wanaweza kuuliza.

Basi ukifika maktaba yoyote na unachokitaka hakipo kwenye rafu uliyoitarajia, usitafute kwa namba tu. Andika mada kwenye katalogi, jaribu jina la mtunzi kwa kulianza mbele na kwa kulianza nyuma, kisha mwambie mkutubi unatafuta habari gani, si kitabu gani. Kama ni historia, dini au malezi ya pwani, mwombe akuonyeshe na 896.3921.