Faraja na furaha si ndugu wa tumbo moja

Juzi nilikuwa Kibirizi, pale mwaloni wanapoanika dagaa, mama mmoja wa usharika wetu akanisimamisha. Mumewe alizama ziwani mwezi wa tisa. "Bwana asifiwe, mchungaji. Naomba ruhusa nisije kwenye mkesha." Nikamwuliza kulikoni. Akasema ameambiwa na mzee mmoja wa kanisa kwamba machozi siku ya Krismasi ni kumkana Imanueli, maana Mungu akiwa pamoja nasi hatuna cha kulilia. Yeye machozi hayajamkauka. Basi ameona abaki nyumbani na wanawe, asije akawaharibia watu sikukuu.

Nina miaka 19 ya kukaa na wafiwa na wagonjwa hapa Kigoma, na maneno hayo nayasikia kila Desemba. Safari hii nimechoka. Naandika.

Kosa linaanzia kwenye maneno mawili tunayoyachanganya kwa sababu yanafanana masikioni. Furaha na faraja yote mawili yametoka Kiarabu, lakini kila moja lina mzizi wake. Furaha ni kuchangamka kwa moyo. Faraja asili yake ni kufunguliwa, kupata nafasi palipokuwa pamebana. Ndiyo maana wazee walisema baada ya dhiki faraja, wasiseme baada ya dhiki furaha. Furaha inaweza kumjia mtu asiye na shida yoyote. Faraja haina kazi pasipo na dhiki. Sasa ukimwambia mjane "furahi, leo Krismasi", umemdai kitu ambacho hana. Alikuja kupewa, ninyi mmemtoza.

Kuhusu jina Imanueli nitapita haraka, fungueni Isaya 7 msome wenyewe. Linatajwa kwa mfalme Ahazi akiwa anatetemeka, majeshi ya wafalme wawili yanaikabili Yerusalemu. Jina hilo lilizaliwa kwenye hofu. Halikuzaliwa kwenye pilau.

Ninapotaka mkae nami ni Zaburi ya 23, ile tunayoisoma makaburini mpaka hatuisikii tena. Tazameni jinsi Daudi anavyosema. Kwenye majani mabichi na maji ya utulivu anamtaja Mungu kama mtu anayesimuliwa: hunilaza, huniongoza, hunihuisha. Ni Yeye, Yeye, Yeye. Halafu anaingia bonde la uvuli wa mauti, na hapo lugha inageuka ghafla: "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Kule malishoni alikuwa anazungumza habari za Mungu, huku bondeni anazungumza naye. Neno "Wewe" limetokea gizani. Na hasemi bonde limeondoka, wala hasemi kwamba haoni uchungu. Anasema hataogopa mabaya, kwa sababu yuko na mtu, na huyo mtu ana gongo na fimbo, na hivyo ndivyo vinavyomfariji. Mchungaji wa ng'ombe hashiki gongo mahali ambapo hakuna hatari. Nikisikia mtu anahubiri kwamba uwepo wa Mungu unajulikana kwa moyo kuchangamka na mwili kusisimka, natamani nimshike mkono nimrudishe kwenye mstari huo wa nne tuusome tena, polepole.

Yohana naye anasema Neno alifanyika mwili, "akakaa kwetu". Kigiriki chake ni kupiga hema. Niliwahi kulifundisha fungu hilo katika kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya waliokimbia vita Kongo. Mzee mmoja akanikatiza: "Mchungaji, hema ikivuja, wote waliomo wanalowa." Sikuongeza neno. Mwenyezi Mungu amepiga hema yake katikati ya zetu, na mvua inayotunyea inamnyea. Huyo ndiye aliyelia machozi akielekea kwenye kaburi la Lazaro, hali akijua atakachofanya dakika chache mbele.

Kuna jambo sijalimaliza moyoni mwangu, nami sitalificha. Yusufu alionywa ndotoni akamchukua mtoto, wakakimbilia Misri. Mama wengine wa Bethlehemu hawakuonywa. Watoto wao waliuawa na Herode, na Mathayo hakuwafuta. Ameweka kilio cha Raheli, asiyetaka kufarijiwa, ndani ya habari yenyewe ya Krismasi. Kwa nini ndoto moja tu? Nimewazika watoto wachanga hapa, na swali hilo nimeulizwa na baba zao nikabaki nimeinamisha kichwa. Jibu sina. Na mwaka aliofariki mama yangu nilisimama madhabahuni usiku wa mkesha nikasoma habari za malaika, kwaya ikaimba vizuri, nisihisi chochote. Moyo ulikuwa mkavu kama dagaa wa juzi. Mungu alikuwepo. Mimi ndiye nisiyehisi, na mambo hayo mawili ni tofauti.

Mkesha ukiangukia siku za giza, wavuvi wanakuwa ziwani, maana dagaa huvuliwa kwa taa pasipo mbalamwezi. Benchi za wanaume zinabaki wazi nusu. Wachungaji wa kondoo wa Luka nao walikuwa zamu ya usiku, na habari iliwafuata kazini, hakuna aliyewaambia kwanza waje wakiwa wamevaa vizuri.

Basi nilimwambia yule mama: njoo na machozi yako. Kabla ya wimbo wa kwanza tutasoma majina ya waliotutoka mwaka huu, na la mumeo litakuwemo. Wazee wawili wamelalamika kwamba tunaingiza matanga kwenye sikukuu. Nimewajibu kwamba matanga yameshaingia, yamekaa benchi ya nyuma tangu mwezi wa tisa.

Akafikiri kidogo, akauliza kama anaweza kuleta ile taa ya mtumbwi, iliyorudishwa na wenzake. Nikamwambia ailete. Tutaiweka chini, karibu na hori.