Kesi ya Oscar Wilde: tarehe hamzisomi?

Kila muhula nikisahihisha insha za historia ya sheria, lazima nikutane na dai hili: kesi ya 1895 ya Wilde, yule mwandishi wa tamthilia wa Ireland, ndiyo iliyozaa sheria ya Uingereza dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Hapana, jamani. Ulawiti ulikuwa kosa la jinai tangu 1533, enzi za Mfalme Henry VIII. Kifungu kilichomtia Wilde hatiani, cha vitendo vya aibu baina ya wanaume, kilichomekwa na mbunge Henry Labouchere mwaka 1885, usiku, ndani ya muswada wa kuwalinda wasichana. Kifungo chake cha juu kilikuwa miaka 2, na Wilde alipewa yote, pamoja na kazi ngumu.

Sheria basi ilikuwa na umri wa miaka 10. Kesi iliipa sura. Magazeti yaliandika juu yake kwa wiki kadhaa, na jina la Wilde likaondolewa kwenye matangazo ya tamthilia zake mbili zilizokuwa jukwaani London. Wapo wanahistoria wanaosema hapo ndipo macho ya umma yalipohama kutoka kwenye tendo kwenda kwa aina ya mtu: msanii, mtanashati, fundi wa maneno. Insha ianzie hapo, sio bungeni.

Eti serikali ilimwinda? Kesi aliifungua mwenyewe, akimshtaki Marquess wa Queensberry, baba wa mpenzi wake Alfred Douglas, kwa kumchafulia jina. Ilipomgeukia akaiacha, na siku hiyohiyo akakamatwa. Juri ya kwanza iliyomsikiliza kama mshtakiwa haikuafikiana. Hapo serikali ndiyo iliyong'ang'ania kumshtaki tena.

Eti aliponea kitanzi? Adhabu ya kifo kwa ulawiti ilifutwa 1861, na wa mwisho kunyongwa walikuwa James Pratt na John Smith, 1835.

Eti kashfa hukaza sheria siku zote? Kesi ya 1954 ya Lord Montagu, mwinyi aliyefungwa kwa makosa ya aina hiyo, ilichochea mjadala uliochangia kuundwa kwa kamati ya Wolfenden, ya serikali ya kuzipitia sheria hizo, mwaka huohuo. Ripoti ikatoka 1957, na sheria ikalegezwa 1967, England na Wales tu.

Na ushauri wangu wa kila siku, ambao hamuufuati: wekeni kifungu cha 1885 kando ya kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, msome mstari kwa mstari. Mtamkuta Labouchere humo, karibu neno kwa neno.