Utando wa Seli Hauuzwi Chupani: Ufafanuzi kwa Wakazi wa Kisumu na Kaunti Jirani

Maswali yanayoifikia maabara yetu kutoka Kisumu, Siaya, Vihiga na Busia yamezidi tangu matangazo ya "seli za Kijapani", zinazodaiwa kurudisha uwezo wa kuona na kufuta makovu ya moto, yaanze kusambazwa kwenye simu. Teknolojia inayotajwa katika matangazo hayo, ya kukuza seli hai maabara hadi ziungane kuwa utando mwembamba wa kufunika kidonda, ipo kweli, na ni ya thamani kubwa. Kinachouzwa kwenye chupa sicho.

Mwaka 1990, kundi la watafiti wa Tokyo lililoongozwa na Teruo Okano lilieleza jinsi ya kupaka sahani ya kukuzia seli polima, yaani kemikali ya jamii ya plastiki, iitwayo poli-N-isopropilakrilamaidi. Tabaka hilo ni jembamba mno, takriban nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Katika nyuzi 37 za Selsiasi, ambalo ni joto la mwili, polima hujikunja na kuyakataa maji, nazo seli hushika juu yake na kuzaana hadi zikaungana. Joto likishuka chini ya nyuzi 32, polima hunyonya maji na kuvimba, na seli hukosa pa kushika. Utando mzima hubanduka kama chapati iliyoiva inavyoachia kikaango, bila kukwanguliwa.

Tofauti na njia ya zamani ni kubwa. Kwa kawaida seli hung'olewa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini zinazozishikilia, na kinachobaki ni seli mojamoja zilizojeruhiwa. Utando uliobandulishwa kwa kupoozwa hutoka ukiwa na protini zake upande wa chini, na ndizo zinazoushikisha kwenye kidonda bila kushonwa. Mwaka 2004 madaktari wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa 4 waliokuwa wamepoteza seli za shina, yaani seli zinazozalisha seli mpya, za konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Kipande cha milimita 3 kwa 3 kilitolewa ndani ya kinywa cha kila mgonjwa, seli zikakuzwa kwa wiki mbili, sahani ikapoozwa hadi nyuzi 20 kwa dakika 30, na utando ukawekwa juu ya jicho. Wote wanne waliona vizuri zaidi.

Nasisitiza kwamba hayo yalihusu uso wa konea. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi, ndani ya jicho, na hakuna utando wa seli unaouondoa. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado wazee wetu wanauziwa matone kwa matumaini hayo, ilhali upasuaji wa mtoto wa jicho unafanyika katika hospitali za eneo hili. Vilevile polima haiingii mwilini, kwa kuwa imefungwa kwenye sahani na hubaki hapo, kwa hiyo madai kwamba watu "wanapandikizwa plastiki" hayana msingi.

Wala si kila jaribio limefaulu. Bidhaa ya utando wa misuli kwa ajili ya moyo ilipewa idhini ya masharti Japani mwaka 2015, lakini mwaka 2024 ilikosa idhini kamili kwa sababu ushahidi wa manufaa yake haukutosha. Hivyo ndivyo usimamizi unavyopaswa kwenda.

Hapa Kisumu tuna jambo la ziada la kuangalia. Maelekezo mengi ya kazi husema sahani iachwe "katika joto la chumba", lakini chumba cha hapa wakati wa alasiri mara nyingi hukaribia nyuzi 30, karibu sana na ile nyuzi 32. Katika joto hilo utando huweza kuachia upande mmoja na kung'ang'ania upande mwingine, kisha ukapasuka. Kwa hiyo kupooza kunahitaji chombo chenye joto linalodhibitiwa, na umeme usiokatika. Utando wenyewe ni tishu hai, kwa hiyo hauwezi kukaa rafuni dukani wala kusafirishwa kwa bodaboda.

Kuhusu sheria, tunaomba umma uzingatie utaratibu ufuatao. Utafiti wowote wa aina hii huhitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Mshiriki hutoa ridhaa baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa, na anaweza kujiondoa wakati wowote. Chini ya Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kutoa tishu za mtu ili zipandikizwe kwa mwingine kunaruhusiwa tu katika kituo kilichoidhinishwa, kwa kibali cha maandishi cha daktari msimamizi, ambaye haruhusiwi kuongoza upandikizaji alioutolea kibali. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 10, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au adhabu zote mbili. Dawa yoyote inayouzwa nchini sharti iwe imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Aliyekwisha kununua bidhaa hizo aache kuzitumia na aende kupimwa macho au kidonda katika hospitali ya kaunti, akiwa na chupa, boksi lake na risiti ya malipo. Tafadhali msizitupe chupa hizo, kwa kuwa nambari ya toleo iliyo kwenye lebo ndiyo inayowawezesha wakaguzi kufuatilia zilikotoka.